Usiulaumu Mkanda

Mdogo wangu wa Kikagate, barua yako nimeipata. Mashine ya kusaga inakula mikanda tangu mavuno yaanze, beringi imebadilishwa na bado inalia, na makanika anayetoka Mbarara kila akija anakupa jibu lile lile: hiyo imezeeka, tafuta nyingine. Kisha ukamalizia, "Yaya, niiuze au niendelee nayo?"

Nakujibu hapa mbele ya wenzako, maana si wewe peke yako. Nakivale nako, Base Camp, Juru na Rubondo, wenye mashine za mazutu wanalia kilio hiki hiki. Wala si kilio kidogo. Nakivale inapokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950, walipoanza kuja Wanyarwanda, na leo wapo Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine wengi. Kaya yenye gunia la mahindi haiwezi kuyala makavu. Lazima ipite mlangoni pa mwenye mashine ndipo ipate unga wa ugali, au posho kama wasemavyo hapa Uganda. Injini ikinyamaza saa nne asubuhi, si wewe tu uliyekosa mapato. Kuna mama aliyekuja na mtoto mgongoni na debe kichwani, na nyumbani kuna wengine wanaomsubiri. Akikufokea, mvumilie. Ana haki.

Sasa sikiliza neno langu, na ukisahau yote usisahau hili: kinachovunjika mara nyingi sicho chenye kosa. Mkanda umekatika, umenunua mkanda. Umekatika tena, ukanunua wa bei kubwa zaidi. Hakuna aliyejiuliza nani anaukata. Mkanda hauna ugomvi na mtu, unakaa pale ulipowekwa na kuvuta unachoambiwa uvute. Ukiona unachakaa upande mmoja, kingo zinatoa nyuzi, na vumbi jeusi la mpira limejaa chini ya puli, basi kosa liko kwenye mkao wa injini na kinu. Puli mbili hazitazamani.

Fanya hivi leo jioni, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Chukua uzi wa mwashi, ule mwembamba usionyumbuka. Mtu mmoja aubane kwenye ukingo wa nje wa puli ya kinu, wewe uuvute hadi puli ya injini, ukaze vizuri. Uzi unatakiwa kugusa sehemu nne: kingo mbili za puli ya kinu na kingo mbili za puli ya injini. Ukigusa tatu na ya nne ukaacha upenyo, hata wa kupitisha kijiti cha kiberiti tu, injini imekaa upande. Legeza bolti za msingi, isogeze kidogo kidogo, vuta uzi tena. Kama kingo za puli zako hazilingani unene, usipime kwenye ukingo, pima kuanzia kwenye mfereji unaoshika mkanda. Kazi hii haihitaji makanika. Inahitaji watu wawili wenye subira na spana ya kutosha bolti.

Kisha jiulize kwa nini injini ilihama. Injini ya silinda moja inapiga teke kila inapowaka, na teke hilo linakwenda kwenye msingi. Nimeona injini zimefungwa kwenye magogo yaliyoliwa na mchwa, nyingine kwenye zege lililopasuka kiasi kwamba bolti inacheza kama jino la mtoto. Ukinyoosha puli juu ya msingi wa namna hiyo, umejipa wiki chache tu. Mfuko wa saruji na bolti ndefu zenye kichwa kilichozikwa ndani ya zege ni bei ndogo ukilinganisha na mikanda uliyokwisha kununua.

Tazama na mifereji ya puli yenyewe. Mkanda wenye umbo la V unashika kwa mbavu zake, haushiki kwa tumbo. Mgongo wake unatakiwa kulingana na ukingo wa puli. Ukiona umezama, na chini ya mfereji chuma kinang'aa kama kimepigwa msasa, puli imelika. Hapo mkanda mpya utateleza, utapata moto, utakatika, na muuza duka utamwona mwizi bure. Tena, kama mashine inatumia mikanda mitatu, badilisha yote mitatu kwa pamoja. Mpya na wa zamani hailingani urefu, kwa hiyo mmoja unabeba mzigo wa wote.

Na kukaza, jamani! Watu wanakaza mkanda mpaka unalia kama uzi wa gitaa, halafu wanashangaa beringi za kinu zinakufa. Bonyeza mkanda katikati kwa kidole gumba. Kwa puli zilizoachana mita moja hivi, uingie ndani kiasi cha unene wa kidole. Ukigoma kabisa umekaza mno, na mvuto huo wote unaishia kwenye shafti na beringi. Ndiyo maana nasema beringi yako inayolia huenda haina kosa lolote. Wengine mkanda ukiteleza wanaumwagia soda au kuupaka lami. Acheni. Unashika siku moja, kesho mpira umekauka na kupasuka.

Kuna mhalifu mwingine ambaye watu hawamtazami kwa sababu yuko ndani: nyundo. Fungua kifuniko cha kinu, uzione zilivyoning'inia kwenye pini zake. Nyundo mpya ina pembe kali. Ikisaga inalika pembe moja, ile inayotangulia kupiga nafaka, inakuwa ya mviringo. Pembe ikiisha, kinu hakikati tena, kinaponda. Unga unatoka wa moto, injini inaguna, mazutu yanakwisha, na mteja anakwambia unga una chenga. Nyundo yenye tundu kila ncha ina pembe nne za kutumia. Unaigeuza, halafu unaipindua juu chini, na ukifanya hivyo kwa wakati unapata kazi mara nne kwa chuma kile kile.

Lakini hapa ndipo wengi wanapoharibu. Nyundo moja ikivunjika, wanakwenda kwa mchomeleaji awakatie nyingine kutoka kwenye springi ya gari. Chuma hicho ni kizuri, sina neno nacho. Tatizo ni uzito. Nyundo zinazotazamana, upande huu wa shafti na upande ule, lazima zilingane uzito. Kinu kinazunguka mara elfu mbili na zaidi kwa dakika, na kwa mwendo huo tofauti ndogo ya gramu inageuka nguvu kubwa inayoitikisa shafti bila kupumzika. Beringi inakufa, bolti zinalegea, injini inahama, puli zinapinda, mkanda unakatika. Umeona tulikorudi? Umenunua mkanda, kumbe ugonjwa ulianzia kwenye nyundo moja iliyokatwa kwa macho. Nenda na nyundo zako zote kwa muuza duka mwenye mzani mdogo, zipime moja moja, zipange kwa jozi. Iliyozidi isugue kwa tupa mpaka ilingane na mwenzake.

Neti ya kinu, ile inayochuja unga, nayo ina maneno. Ikitoboka, punje nzima zinapita, na wengi wanaziba kwa kipande cha bati la kopo. Kipande hicho kikikatika kinakwenda kwenye unga wa watu. Nunua neti, mdogo wangu. Pia usikubali kusaga mahindi mabichi kwa sababu ya huruma. Mahindi yenye maji yanaziba matundu na kuichosha injini, na unga wake ukikaa siku chache unaota ukungu, ule ukungu wenye sumu kuvu unaoharibu ini. Mwambie mteja kwa upole akaanike siku mbili, umhifadhie nafasi yake kwenye foleni.

Nije kwenye injini, maana makanika wako ameihukumu kwa umri. Umri peke yake si ugonjwa. Zile Lister za Kiingereza zilizotengenezwa Dursley kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, nzito, zenye magurudumu mawili makubwa, zilisaga nafaka kote Afrika Mashariki, na hadi leo mafundi wa Rajkot, India, wanatengeneza za mfano wake. Ile ndogo ya nguvu farasi 6 ilizunguka mara 650 tu kwa dakika. Polepole yake ndiyo iliyoipa maisha marefu. Za Kichina tulizonazo wengi, zile nyekundu au za buluu za silinda iliyolala, huzunguka mara 2,000 hadi 2,200, nyingine zaidi. Ni nyepesi, spea zake zinapatikana Mbarara na Kampala, ila zinataka uangalizi wa karibu.

Na hapa nina onyo, wala sisemi kwa kutia chumvi. Kama unang'oa injini ya polepole na kuweka ya kasi, usiihamishe puli ya zamani. Piga hesabu. Mizunguko ya injini, zidisha kwa kipenyo cha puli ya injini, gawanya kwa kipenyo cha puli ya kinu. Lister ya mizunguko 650 yenye puli ya inchi 20, kinu kina puli ya inchi 5: kinu kinazunguka mara 2,600. Sawa kabisa. Ukivalisha puli hiyo hiyo kwenye injini ya mizunguko 2,200, kinu kinatakiwa kwenda mara 8,800. Chuma hakivumilii hilo. Nyundo itachomoka ipasue kifuniko, na aliyesimama mbele na beseni lake ni mteja. Kwa injini hiyo, puli ya inchi 6 ingekupa 2,640 na kila mtu angerudi nyumbani salama. Kibati kilichogongwa kwenye kinu mara nyingi kinaandika mwendo wa juu kinaoruhusu. Kisugue vumbi ukisome.

Injini isiyowaka asubuhi huwa inadai hewa au mazutu. Mazutu tunayonunua kwenye madumu kando ya barabara huja na maji na uchafu. Liache dumu litulie usiku kucha, mimina ya juu kupitia kitambaa safi, ya chini usiiguse. Ikiwa tangi liliisha kabisa, hewa imeingia kwenye bomba. Hapo utavuta hendeli mpaka bega litoke, haitawaka. Legeza skrubu ya filta ya mazutu mpaka povu liishe na yatoke mazutu matupu, kaza, kisha fanya hivyo kwenye pampu.

Ikiwaka, tazama moshi wake. Mweusi unasema injini inakula kuliko inavyopumua: filta ya hewa imeziba, au nozeli inamwaga badala ya kupuliza, au umejaza mahindi mno kwenye kinu. Wa buluu ni oili inaungua, ringi zimechoka. Mweupe wa asubuhi unaoisha injini ikipata joto si wa kuogopa, ila ukiendelea mchana kutwa na maji yanapungua, gasketi ya kichwa imeachia.

Juu ya filta ya hewa niruhusuni nikazie. Injini nyingi za kusaga zinakufa kwa unga. Zinawekwa chumba kimoja na kinu, zinapumua vumbi la mahindi siku nzima, filta inaziba ndani ya siku chache, mtu anaivua akisema "inazuia nguvu", na kuanzia hapo kila pumzi inasugua silinda. Jenga ukuta, hata wa matofali ya udongo, injini ikae upande wa pili, mkanda upite kwenye tundu. Na bomba la moshi litoke nje ya jengo kabisa. Moshi huo una hewa ya sumu isiyo na harufu, inayomlaza mtu asiamke.

Maji ya kupozea yasitoke ziwani moja kwa moja. Yaache yatulie kwenye pipa, au kinga ya mvua, maana matope na chumvi vinajikusanya ndani na kuzuia joto lisitoke. Injini yenye sanduku la maji lililo wazi huchemka, huo ndio utaratibu wake, kazi yako ni kuongeza kabla hayajashuka. Yakikauka na chuma kimeiva, usimwage maji baridi hata kama foleni inakupigia kelele. Zima, ngoja ipoe yenyewe. Kichwa kilichopasuka kwa maji baridi hakirudi.

Kuhusu makanika: simtukani, kazi yake ngumu na barabara ni ndefu. Lakini usimwache awe ndiye pekee anayeijua mashine yako. Simama naye anapofungua. Mwombe akuonyeshe kilichovunjika, kishike, kiulize kimevunjikia upande gani. Spea ya zamani ibaki kwako, usimwachie aondoke nayo. Nunua daftari la shule uandike kila kitu: tarehe ya oili, tarehe ya mkanda, madebe uliyosaga, lita ulizotumia. Lita zikianza kupanda na madebe ni yale yale, kinu au injini imeshakuambia inaumwa, wiki nyingi kabla ya kuzimika mbele za watu. Na kila jioni, kabla fedha hazijaingia jikoni, toa fungu la mashine. Liwe dogo, lakini lisiguswe. Najua ilivyo ngumu pale ada ya shule inapogonga mlango, na wengi wenu mnaendesha mashine kwa ushirika, watu watano kila mmoja na shida yake. Wekeni sanduku lenye kufuli mbili, funguo kwa watu wawili.

Halafu mkanda ufunikwe, nawasihi. Kitenge, mtandio, ncha ya ngozi ya kumbebea mtoto, vyote vinavutwa kwa kufumba na kufumbua. Wavu wa chuma na mbao nne za kuushikilia unaweza kuupiga Jumapili moja. Sitajibu barua ya mtu anayeuliza faida wakati mkanda wake uko wazi.

Sasa swali lako, mdogo wangu. Kuuza au kuendelea? Zungusha hendeli polepole, injini ikiwa baridi na kile kitasa cha kuachia hewa kimefungwa. Ikikupinga kwa nguvu kila inapokandamiza, moyo wake ni mzima, na nisingeiuza. Ikizunguka laini kama haina kitu, ringi au valvu zimekwisha. Hata hapo usikate tamaa, kwa injini hizi silivu, pistoni na ringi vinabadilishwa bila kununua injini. Ninaposema acha ni pale bloku imepasuka, au krenki imelika na kupinda. Chuma hicho kikifika hapo, uza vilivyo vizima, usikiongezee senti.

Wapo watakaokwambia uhamie kwenye umeme. Bwawa la Kikagate la megawati 14 liko pale pale mtoni Kagera, umeme wake wanagawana Uganda na Tanzania, na ni jambo zuri kwa kinu: mota haina mazutu, haina ringi, haina hendeli. Ila mota ya kusagia kwa wingi inataka laini ya fezi tatu, na nguzo zinazopita kijijini hazina maana kwamba fezi tatu zipo. Waulize UEDCL, ndio wanaosambaza umeme tangu Aprili 2025 mkataba wa kampuni ya Umeme ulipomalizika, wakuambie kwa maandishi kama laini hiyo inafika kwako na gharama ya kuunganishwa. Mpaka uwe na karatasi hiyo mkononi, injini ya mazutu usiiuze.

Kwa sasa naomba uniandikie vitu vinne: kipenyo cha puli ya injini, kipenyo cha puli ya kinu, mizunguko iliyoandikwa kwenye kibati cha injini, na uzi uligusa sehemu ngapi. Ongeza na uzito wa kila nyundo ukiweza. Nitakupigia hesabu nikujibu toleo lijalo, na mkanda mpya usinunue kabla ya hapo.